Misumari ya chini ya maji: zinki, stenlesi au shaba?

Mwana_Pangani
Salaam wakuu. Tumeipandisha ufukweni mashua ya marehemu mjomba kubadilisha mbao za chini. Ilijengwa kabla sijaanza shule, na nilitegemea misumari yake imebaki unga wa kutu. Kumbe ile minene ya zinki aliyoipiga fundi wa kwanza imetoka mizima, mingine bado ina rangi ya kijivu shingoni. Lakini upande wa tezi (nyuma ya mashua), ulikokarabatiwa miaka ya karibuni kwa parafujo za stenlesi, vichwa vinang'aa huku mashina yamekatikia ndani ya mbao. Sasa mbao mpya nizipigilie nini: zinki, stenlesi au shaba? Bei nazijua, nauliza umri.

Fundi_Matondoni
Aleikum salaam. Rudia zinki, lakini angalia zinki ipi. Madukani kuna misumari ya aina mbili na wauzaji wengi huiita jina moja. Ile inayong'aa kama kijiko kipya imepakwa zinki kwa umeme, utando wake mara nyingi haufiki mikroni 15 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hiyo ni ya kupigia paa la banda la kuku. Unayotaka wewe ni ile iliyochovywa ndani ya zinki iliyoyeyuka. Ina rangi ya kijivu isiyong'aa, ukiipitishia kidole inakwaruza, na utando wake ni mikroni 40 au zaidi.

Halafu namna ya kuipiga. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kidogo kuliko msumari. Zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, kisha piga. Kichwa kizame ndani ya ubao, ufunike juu yake. Nyundo ikibandua zinki kichwani na ukaacha wazi, kutu inaanzia hapo. Mzee aliyepiga ile ya mjomba wako bila shaka alifanya hivi, ndiyo maana shingo zimebaki kijivu.

Mhandisi_Mtwara
Nieleze kilichozikata zile za stenlesi, maana watu wengi wanapoteza fedha hapa. Stenlesi haiozi kwa sababu kromu iliyomo hutengeneza ngozi nyembamba mno juu yake. Ngozi hiyo ikichubuka hujirudisha yenyewe, mradi kuna oksijeni. Kichwa kilicho nje kinaipata. Shina lililofungwa ndani ya ubao uliolowa maji ya chumvi haliipati, kwa hiyo ngozi inakufa na chuma kinaliwa kwa vishimo vidogo vidogo hadi kinakatika. Kwa nje hujui kitu. Zinki haitegemei hewa: inaliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki, na ikianza kuisha unaona kutu nyekundu inavuja kwenye rangi. Inakuonya mapema. Kwa mtu wa baharini, hilo mimi naliweka juu ya umri wenyewe.

Nahodha_Shimoni
Msiitupe stenlesi yote jamani. Boti yetu ya wageni ina boliti za stenlesi kwenye mlingoti, vishikio na ngazi, zote juu ya maji, zinapigwa upepo na kusuuzwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila jioni. Hazijawahi kutusumbua. Ila soma kichwa cha boliti: A4 ina molibdenamu na inastahimili chumvi, A2 ni ya jikoni, itatoa madoa ya kahawia msimu huohuo.

Mwana_Ziwa
Huku Mwanza maji hayana chumvi, kwa hiyo msumari wa kuchovya unakaa kuliko huko kwenu, mitumbwi yetu inaoza mbao kabla ya misumari. Tofauti ni vile vipande vya kinga kwenye mashine, vinavyofungwa ili viliwe wao kwanza badala ya chuma. Vya zinki kwenye maji baridi hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi, sisi tunahitaji vya magnesi. Anayenunua mashine iliyotoka pwani akaipeleke ziwani avibadilishe.

Msomaji_wa_Bandari
Shaba haijajibiwa. Misumari ya shaba nyekundu inadumu kuliko yote hapo juu, lakini ni laini: inataka tundu lake kamili, pete upande wa ndani na kupondwa ncha. Kwa mbao nene za mashua ni kazi ndefu. Usidanganywe kwa shaba ya njano, bahari hunyonya zinki iliyo ndani yake, ikabaki ya waridi na inavunjika kwa mkono.

Kubwa zaidi, usichanganye shaba na chuma. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika manowari HMS Alarm kwa mabati ya shaba kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Iliporudi kutoka West Indies (visiwa vya Karibi) na kukaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Ila palipobaki karatasi ya kufungia mabati, ikatenganisha shaba na chuma, misumari ilikuwa salama. Karatasi tu! Mashua yako ina zinki kila mahali, shaba utakayoingiza itafanya chuma inachogusana nacho kiliwe.

Mwana_Pangani
Nimewaelewa wakuu, Mungu awabariki. Chini ya maji zinki ya kuchovya, na parafujo za tezi nazitoa zote hata zile zilizobaki nzima. Swali la mwisho: nikipigilia na vipande vya kinga vya zinki mkukuni (kwenye uti wa chini wa mashua), si misumari itaishi zaidi?

Mhandisi_Mtwara
Hapana, hapo utaua mbao. Kinga ikizidi, maji yanayozunguka chuma hugeuka kuwa kama magadi makali, na ubao hulainika ukawa nyuzinyuzi. Ukiona unga mweupe umeota kuzunguka boliti kwa ndani, ndiyo hiyo. Kipande kimoja karibu na rafadha (pangaboi la mashine) kinatosha, na usikipake rangi.

Fundi_Matondoni
Na kila ukipandisha mashua kupaka sifa (mafuta ya papa), chomoa msumari mmoja chini, upande mmoja safari hii, wa pili safari ijayo. Ukiona shingo imeanza kuwa nyembamba, badilisha safu nzima.