Mrejesho: kupima fremu za madirisha ya zamani

Niliuliza kama naweza kubakiza fremu za mbao nikabadilisha madirisha tu, na nipime wapi. Ahsanteni sana mlionijibu, mmenisaidia kweli.

Kabla ya kushika tepu nilianza na bisibisi, kama mlivyosisitiza. Nilichokonoa pembe za chini na kizingiti, maana ndiko maji yanakotuama. Fremu zote ni ngumu isipokuwa ya jikoni: rangi kwa nje nzima kabisa, lakini bisibisi ilizama, mbao imeoza ndani. Hiyo inang'olewa yote. Kufunga dirisha jipya kwenye mbao laini ni kutupa hela.

Zilizobaki nimepima upana juu, katikati na chini, na kimo kushoto, katikati na kulia, nikachukua kipimo kidogo kuliko vyote. Upana wa la sebuleni ulitoka milimita 1204, 1201 na 1198, basi nimeandika 1198. Vipimo viwili vya mshazari, kona kwa kona, vimepishana milimita 4 tu, yaani fremu haijaenda upande sana. Fundi atasawazisha kwa vipande vya mbao.

Nafasi ya kupenyeza dirisha atapunguza mtengenezaji mwenyewe. Nimemwandikia wazi kuwa hivi ni vipimo vya uwazi wa fremu, isije ikapunguzwa mara mbili.