Homa ya ndege ikiingia Malindi nani atatutangazia?

mfugaji_mambrui: Jamani naulizia. Ndege wa kuhama huwa wanajaa kule Sabaki mtoni unapoingilia baharini, wengine watoka Ulaya na Asia huko, na mie kuku wangu wa kienyeji wako hapa hapa karibu. Sasa homa ya ndege ikipiga leo serikali imepanga kutuambia vipi? Maana wasap kuna voisi ya mtu hajulikani anasema msile kuku kabisa, wateja wa mayai washaanza kunikwepa na hakuna mkubwa aliyesema ndio wala la.

BintiShella: Pole kaka. Wakubwa wakinyamaza wasap ndio serikali. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2005, tangaza mapema hata kama hujajua yote. Thailand Januari 2004 serikali ilisema hakuna neno, waziri mkuu akala kuku mbele ya kamera, mwezi huo huo ikathibitika iko. Ukija kumwambia mtu tena atakuamini?

dawa_ya_kuku: Mie nachanja kuku vijijini, niwaambie panapouma ni fidia. Mtu akiona kuku wanakufa anasema ni kideri tu, ule ugonjwa wa kuku wa kawaida, haraka anachinja waliobaki ama anawakimbiza sokoni. Tangazo likisema "ripotini" bila kusema utalipwa nini wakija kuua banda zima, nani ataripoti? Nigeria 2006, ya kwanza Afrika kuthibitisha H5N1, yaani kirusi cha homa ya ndege, walilipa wafugaji. Halafu hiyo voisi ni uongo, kuku akiiva sawasawa, nyuzi joto 70 za Selsiasi mpaka ndani, virusi vinakufa. Hatari ni kumchinja na kumnyonyoa aliye mgonjwa, na huku anayenyonyoa ni mama na watoto, sasa ujumbe uwafikie wao, kwa Kigiriama pia sio Kiswahili cha taarifa ya habari.

Mwana_wa_Amu: Na visiwani kwetu Lamu je? Mokowe, gati ya bara, kuku wafungwa miguu wasukumwa chini ya kiti cha boti kando ya gunia la mchele, saa hiyo hiyo wako Amu (kisiwa cha Lamu), kesho Faza kisiwa cha Pate. Wakisema marufuku kusafirisha, wamwambie nahodha kwanza pale gatini, na msikitini baada ya Ijumaa, sio waweke karatasi mlangoni mwa ofisi. 2017 ilipoonekana Uganda, Kenya ilizuia kuku wa kutoka kule, sawa, mpaka una geti. Boti zetu je?

mfugaji_mambrui: Shukran wote. Dawa ya kuku, hilo la fidia ndio nitaanza nalo kwa chifu, na namba ya kuripoti nikipata naiweka hapa. Ile voisi msiitume tena tafadhali, trei za mayai zimefika mpaka sebuleni.