Tupeane uzoefu: Tauni ya 1348-49 ilivyolibana Kanisa Uingereza. Mnaozijua nyaraka zake, mwageni

Mpekuzi
Wakuu, kila uzi wa Kifo Cheusi unaishia kwenye panya na viroboto. Leo tuwaache wapumzike. Tauni ilishukia bandari ya Melcombe, kusini mwa Uingereza, kiangazi cha 1348, na kufikia mwisho wa 1349 ilikuwa imeizunguka nchi. Swali: parokia ziliendeshwaje wakati mapadre wenyewe wanazikwa? Naanza na chanzo.

Chanzo kikuu ni rejista ya askofu. Paroko mpya alipokabidhiwa parokia, karani aliandika tarehe, jina la parokia, jina la anayeingia, nani kampendekeza, na mara nyingi sababu ya nafasi kuwa wazi: kifo, kujiuzulu au kubadilishana vituo. Chambua zilizoachwa na kifo tu, zilinganishe na idadi ya parokia za jimbo, unapata makadirio ya vifo vya maparoko. Majimbo ya Exeter, Winchester na Norwich yanakaribia 49%. Lincoln ni kama 40, York pungufu kidogo.

Wengi wanateleza kwenye tarehe. Iliyoandikwa ni siku aliyoingia mpya, wala si siku aliyokufa wa zamani. Katikati hapo habari ilibidi imfikie mwenye haki ya kupendekeza, atafute mtu, na mtu huyo asafiri hadi alipo askofu, kwa hiyo vifo vilitangulia kwa wiki kadhaa. Halafu kuna parokia zilizozika maparoko wawili mwaka huohuo. Ukihesabu nafasi badala ya parokia, asilimia inavimba. Na rejista haiwagusi kabisa mapadre wasaidizi wasio na parokia yao, ambao walikuwa wengi na ndio waliokesha kwa wagonjwa.

DadaShajara
Umesema kweli kuhusu wasaidizi. Naongeza upande wa sakramenti.

Januari 1349 Ralph wa Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, aliandika barua isomwe jimbo zima. Mapadre wamekwisha, wengine waliobaki wanaogopa kwenda kwa wagonjwa. Kwa hiyo anayekaribia kufa asipompata padre aungame kwa mlei, na akikosekana mwanamume, hata kwa mwanamke. Aliyesikia maungamo anabanwa na siri kama padre. Ekaristi inaweza kutolewa na shemasi. Mpako wa mwisho je? Hapo hakutoa mbadala: padre asipokuwepo, imani itosheleze.

Watu husoma hiyo kama mapinduzi. Mimi sioni hivyo. Kuungama kwa mlei wakati wa hatari ya kufa kulishajadiliwa na wanateolojia kabla ya hapo; alichofanya askofu ni kuwatangazia waumini kitu walichokuwa hawakijui. Lakini ukishamwambia mkulima kwamba mkewe anaweza kumsikiliza maungamo, kulirudisha hilo kabatini ni kazi.

Kabwela
Mimi naenda kwenye posho ya padre, maana hapo ndipo shingo ilipokabwa.

Henry Knighton, mtawa wa abasia ya Leicester, anatuachia bei. Kabla ya tauni padre msaidizi alipatikana kwa marki 4 au 5 kwa mwaka, au marki 2 pamoja na chakula. Baada ya tauni, kumpata mtu wa kukubali parokia hata kwa marki 20 ilikuwa shida. Marki moja ni peni 160, yaani theluthi mbili za pauni. Weka hapo amri ya wafanyakazi ya 1351, iliyorudisha ujira kwenye viwango vya kabla ya tauni: kukata nyasi peni 5 kwa siku, kuvuna wiki ya kwanza ya Agosti peni 2. Serikali iliwabana vibarua, Kanisa likawabana mapadre wake.

Simon Islip, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitoa amri yake ya kuzuia mapadre kudai posho kubwa mwaka 1350, inaitwa Effrenata. Mwaka 1362 kikomo kikawa marki 6 kwa msaidizi anayehudumia waumini na 5 kwa anayesoma misa za marehemu tu. Mwaka 1378 kikapandishwa hadi 8 na 7. Kikomo kinachopanda ni kikomo kilichoshindwa.

Kosa lilikuwa kwenye muundo. Matajiri walioponea walimwaga pesa kwenye misa za marehemu. Padre akapima: kijijini kuna wagonjwa, mazishi na zaka inayogombaniwa, mjini kuna altare moja na misa moja kwa siku. Tofauti ya marki moja isingemfunga mtu kijijini. Utawakemea kwa tamaa, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi.

Mpekuzi
Na wa kuwaziba nafasi walitoka wapi? Knighton anasema walijitokeza wajane wengi wa kiume, wake zao wamekufa, wengi hawasomi, na wanaosoma hawaelewi wanachosoma. Huko Norwich askofu William Bateman alipata kibali cha Papa mwaka 1349 kuwapa parokia makleri 60 wenye miaka 21 tu. Bateman huyohuyo alianzisha Trinity Hall, Cambridge, mwaka 1350.

Mwinjilisti77
Juu nako hakukuwa salama. Canterbury ilipoteza wakuu watatu kati ya Agosti 1348 na Agosti 1349: John Stratford (huyu si kwa tauni), John Ufford kabla hajawekwa wakfu, kisha Thomas Bradwardine, mwanahisabati, wiki chache tu baada ya kuwekwa wakfu.

Papa Klementi VI wa Avignon anasemwa vibaya kwa anasa, na haki yake. Ila 1348 alitoa hati za kuwalinda Wayahudi waliosingiziwa kutia sumu visimani, akisema wazi kwamba nao wanakufa kwa tauni ileile. Haikuzuia Strasbourg: Februari 14, 1349 Wayahudi walichomwa moto huko kabla hata tauni haijafika mjini. Oktoba 20 mwaka huo akapiga marufuku misafara ya wajipigao mijeledi, waliotembea siku 33 na nusu wakijichapa hadharani.

DadaShajara
Kwenye mazishi pia tupunguze picha za filamu. Makaburi ya East Smithfield, London, yalichimbuliwa miaka ya 1980. Kuna mahandaki yenye miili iliyopangwa hadi tabaka tano, vichwa magharibi kama desturi ya Kikristo, watoto wakiwekwa kwenye nafasi ndogo kati ya watu wazima. Mtu alisimamia kazi ile. Mifupa hiyohiyo ndiyo iliyotoa vinasaba vya bakteria wa tauni, matokeo yakachapishwa 2011.

Juma_Mdadisi
Kwa hiyo tauni ndiyo iliyomleta Luther?

Kabwela
Taratibu. Kati ya 1349 na 1517, mwaka Luther alipoanza kulipinga Kanisa, ni miaka 168. Ukitaka kufunga kamba hiyo, pitia kwanza tauni ya 1361, iliyojulikana kwa kuua watoto, ndiyo iliyozuia idadi ya watu kurudi. Halafu angalia misa za marehemu: pesa ziliendelea kumiminika humo hadi karne ya 16. Watu waliolikatia Kanisa tamaa hawalilipi liwaombee.