Lafudhi yako ilikuumbua wapi? Wa Chuga (Arusha) na wa Moshi tupeane uzoefu

Chalii wa Ngarenaro
Wakuu, salama? Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta kava la simu. Nimesema maneno manne tu, "Aisee hili bei gani?", muuzaji akacheka: "Arusha hiyo! Nyie si mna hela za Tanzanite?" Bei ikapanda palepale.

Mimi nimekulia Ngarenaro, mlango huu Mrangi, ule Mchaga, mbele Mwarusha, nyuma Mmeru. Siku zote nilijua wenye lafudhi ni wao. Na hiyo aisee yenyewe ni "I say" ya Waingereza, sisi tumeifuga mpaka imesahau kwao: inafungua sentensi, inaikata katikati, inaifunga. Siku hiyohiyo nikauliza kifodi cha Mbagala kinapatikana wapi. Kituo kizima kikanigeukia. Nimesahau kabisa kwamba kule ni daladala.

Haya, wewe je?

Mrombo wa Tabata
Mimi nimebatizwa upya. Nina kiduka huku Dar, wateja hawajui hata naitwa nani. "Mangi, nipe chumvi ya mia mbili." Jamani, mangi ni mtawala! Mangi Meli wa Old Moshi, Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, leo cheo chake kinaitiwa chumvi. Desemba nikipanda nyumbani nakutana na wa Machame, tunakumbatiana Wachaga wenzangu, tukianza tu lugha ya mama kila mmoja anarudi kwenye Kiswahili taratibu.

Mtu wa Soweto, Moshi
Sisi wa Moshi mjini hatuna lafudhi.

Mrombo wa Tabata
"Hatunaaa." Nimekusikia mpaka huku.

Mjukuu wa Kisongo
Bibi yangu ni Mwarusha, anaongea Kimaasai. Kimaasai hakina z, f wala v, kwa hiyo dada yangu Zawadi kwake ni Sawadi na viazi ni wiasi. Utotoni tulikuwa tunamwigiza tukijificha nyuma ya zizi. Siku moja akatukuta. Hakutupiga. Akakaa kwenye kigoda, akasema: haya, semeni "oldoinyo", yaani mlima. Tukasema. Akatikisa kichwa. Kumbe ile d haitemwi nje kama ya Kiswahili, inavutwa ndani, koo linashuka kidogo kama unameza mate. Akatushika kidevu mmoja mmoja, "tena", "tena", mpaka maziwa yakafurika jikoni. Mpaka leo siiwezi. Yeye Sawadi yake inaeleweka, mimi mlima wangu hauelewiki. Nani mwenye lafudhi hapo?

Sauti ya Kijenge
Niliwahi kwenda kujaribiwa sauti kwenye redio moja, siitaji. Wakasema nasoma vizuri ila "r" yako ina kokoto. Sawa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928 kule Mombasa, silalamikii hilo. Ila sanifu ni sarufi na tahajia. Kokoto zangu zinawahusu nini?

Binti wa Majengo, Moshi
Mmekuwa wakali, ngoja niwachekeshe. Darasa la tano tulikuwa tunaongea kinyume, unatoa silabi ya mwisho unaitanguliza: maji inakuwa jima, nyumba inakuwa mbanyu. Tuliona tumevumbua kitu ambacho mtu mzima hakipati. Tukapewa mwalimu mgeni, mama mpole wa Pangani. Siku hiyo tunapiga soga, mlinzi wetu wa dirishani akapaza sauti: "Mumwali jaanaku!" Mwalimu anakuja. Tukatulia, tukashika kalamu, watakatifu watupu. Mama akaingia, akaweka chaki mezani, akavua miwani, akasema polepole:

"Animesiki."

Tulichukua muda kuipindua. A, nimesiki. Nimesikia! Wenzetu wa pwani wanacheza kinyume tangu enzi za mabibi zao, sisi tunakileta kama kitu kipya. Tulifyeka majani wiki nzima, na yeye akawa anatusimamia kwa kinyume kitupu: "Kafye!" Fyeka.

Chalii wa Ngarenaro
Binti wa Majengo umeniua. Nimejaribu kupindua kifodi, imetoka "dikifo". Kifo kiko humohumo ndani, na kwa wanavyokimbizana barabara ya Sokoine saa kumi na moja jioni, naona ndilo jina lake halisi.