Mwanafunzi asiyetoa shikamoo, achapwe?

Mleta mada: Wadau, juzi asubuhi kituo cha daladala Buhongwa, hapa Mwanza, mzee mmoja kapita mbele ya wanafunzi wa sekondari kama kumi, hakuna aliyefungua mdomo. Mzee akafoka: "Fimbo zimeisha shuleni ndiyo maana!" Kituo kizima kikaitikia. Mimi sikuitikia.

Wale watoto niliwakuta pale. Daladala tatu ziliwaacha. Konda akiona sare anagonga bodi, twende, maana denti analipa 200. Ya nne ikabeba wawili, na matusi juu. Mtoto huyo ajifunze adabu kwa nani? Na kuna kabinti kamoja kalikokuja nyuma, kakamwamkia yule yule mzee kwa kupiga goti kidogo, Kisukuma kabisa. Mzee akaguna tu. Marahaba hatukuisikia.

Halafu fimbo yenyewe ina kanuni, ya 2002: visizidi viboko vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Kunyamaza kituoni ni kosa kubwa?

Mwalimu, Nyegezi: Kanuni tunazijua. Wewe njoo usimame mbele ya watoto 80 na ushee ndipo uandike. Sijamchapa mtu kwa ajili ya salamu, lakini anayekupita leo kama nguzo ya umeme, kesho ukimdai daftari anakujibu "tulia ticha". Vinaanza vidogo.

Mzazi, Igoma: Kwetu ukitoka shule hujamwambia bibi "mwadila", salamu yetu ya Kisukuma, ugali unausikia harufu tu. Hakuna aliyepigwa, na wote wanasalimia. Ila bibi naye anaitika! Atakuuliza habari mpaka za ng'ombe tuliowauza zamani.

Mchangiaji, Kirumba: Wazazi tunashinda mwaloni, kwenye soko la samaki, tangu alfajiri, mtoto tunamwona kalala. Mwalimu asipomnyoosha, nani?

Mleta mada: Wa Kirumba, hapo umenigusa, sina jibu la haraka. Mwalimu, la "tulia ticha" nakubali, hilo ni kosa na lishughulikiwe. Ila nijibu kwa ukweli: ukiingia darasani wakasimama wote 80, "Shikamoo mwalimu", unaitika au unasema "kaeni"?

Mwalimu, Nyegezi: Inategemea siku. Nyingi nasema kaeni.