Mark X: S Package yenye AVS au 250G ya shokapu za kawaida?

Mwanzisha mada
Wakuu, nimebakiza gari mbili, zote Mark X GRX120 za cc 2,500. Moja ni S Package, rimu inchi 18, ina AVS, yaani shokapu zinazobadilika ugumu, na kitufe chake cha kutoka Normal kwenda Sport. Nyingine 250G ya kawaida. Bei zimepishana kidogo tu. Nakaa Dar, kila mwezi naenda Iringa, na mlima wa Kitonga wenye kona sipandi kama lori. Nichukue ipi?

Lami Tupu
S Package. Ukiweka Sport kwenye zile kona gari hailali, na ukikanyaga breki pua haizami.

Fundi Chini ya Gari
Tuelewane kwanza. AVS haigusi springi wala haishushi gari. Juu ya shokapu kuna kimota kinachozungusha kijiti, kijiti kinabana au kuachia njia ya oili ndani. Kompyuta inafanya hivyo yenyewe ukiwa unaendesha. Shokapu ya kawaida njia yake imeamuliwa kiwandani, basi. Shida ni umri: hizo gari ni za 2004 hadi 2009. Nyingi zinazofika kwangu kimota ni kizima, ila shokapu imeshamwaga oili. Unabonyeza Sport, taa inawaka, gari inanesa vilevile.

Rasta Tatu
Yalinikuta. Ya nyuma kulia ilikufa, duka moja wakaniuzia ya kawaida, eti inaingia. Kuingia iliingia! Waya ukabaki unaning'inia, na kila nikipita rasta (vile vituta vidogo vya barabarani) gari inatikisika upande mmoja. Mwishowe nikang'oa zote nne nikafunga shokapu mpya za kawaida za kampuni ya KYB. Sasa inashika kona kuliko siku niliyoinunua.

Lami Tupu
Ndugu yangu, umelinganisha mpya na maiti. Linganisha mpya kwa mpya.

Fundi Chini ya Gari
Hapo kasema kweli. Mpya kwa mpya, kwa safari ya huyu bwana, AVS inashinda, maana kabla ya Kitonga kuna matuta ya kila kijiji. Shokapu ngumu ya kawaida itakupendeza kwenye kona tu, njia nzima iliyobaki utaichukia. Ila seti ya AVS mpya ni ghali, na ya mtumba ni bahati nasibu. Kama mfuko hauruhusu, chukua 250G ufunge shokapu mpya. Na hizo rimu 18, nusu ya ugumu mnaolaumu shokapu ni tairi yenye ukuta mfupi.

Mwanzisha mada
Nakaguaje, mkuu?

Fundi Chini ya Gari
Chungulia nyuma ya tairi na tochi. Shokapu nzima ina vumbi kavu. Inayovuja, vumbi limeganda kama tope jeusi.

Mwanzisha mada
Nimetoka kuiona S Package. Mbele kukavu kabisa. Nyuma kushoto kuna tope jeusi mpaka chini. Muuzaji anasema ni oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) imerukia.

Fundi Chini ya Gari
Difu iko katikati, mkuu.