PostgreSQL baada ya MySQL: RAM ya GB 16 tuigawe vipi?

Mlandege_Jumla: Assalaam alaykum. Duka letu la jumla lina tawi Chake Chake, mauzo yote yanaingia seva moja ya PostgreSQL 16 (programu ya hifadhidata), RAM GB 16, miunganisho 60. Tulipokuwa na MySQL, programu nyengine ya hifadhidata, innodb_buffer_pool_size (RAM ya kushikia data) ilikuwa GB 12 na haikutusumbua. Huku nikaweka vilevile: shared_buffers (RAM ya pamoja ya kushikia data) GB 12, work_mem (RAM ya kazi za kwiri kama kupanga safu) MB 64. Juzi usiku watu wananunua tende na unga wa Ramadhani, ripoti ya mwezi ikafunguliwa na watu wanne kwa pamoja, hifadhidata ikaanguka. Logi inasema Linux ndiyo iliyoiua kwa kukosa kumbukumbu. Foleni ilifika barazani. Nirudi MySQL?

fundi_wa_Wete: Waalaykum salaam. Usirudi, kaka. Hizi mbili hazili RAM namna moja. InnoDB, injini ya MySQL, hushika kurasa zake za data yenyewe, ndiyo maana seva isiyo na kazi nyengine huipa hata asilimia 80. PostgreSQL inategemea sana kache (akiba ya data kwenye RAM) ya mfumo endeshi, na ukurasa mmoja unaweza kukaa mara mbili, kwake na kwa Linux. shared_buffers anzia robo ya RAM, GB 4. Kuibadilisha lazima uzime na kuwasha, basi subiri duka lifungwe.

Binti_Mkoani: Robo sawa, lakini iliyomaliza kazi ni work_mem. Ile MB 64 si ya seva nzima wala si ya mtu mmoja. Kila upangaji wa safu una fungu lake, hashi (jedwali la muda la kulinganishia data) huruhusiwa mara mbili yake tangu toleo la 15, na kwiri (ombi la data) ikigawiwa wafanyakazi wawili wa ziada, yaani michakato ya ndani ya PostgreSQL, kila mmoja anachukua lake. Ripoti yenye upangaji mmoja na hashi moja yaweza kufika MB 576 (64 na 128, mara michakato mitatu). Watu wanne, zaidi ya GB 2, na wewe ulibakisha GB 4 tu kwa Linux na miunganisho yote!

Mlandege_Jumla: Nikiishusha hadi MB 4 ripoti si itasota, dada?

Binti_Mkoani: Itasota, itapanga diskini. Wapo wanaompandishia kila mtu, mie sikubali. Mpandishie mtumiaji wa ripoti peke yake: ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '128MB'; Makarani wa kaunta wanatafuta bidhaa moja kwa namba yake, MB 4 inawatosha.

fundi_wa_Wete: Hapo nakubali. Na effective_cache_size iweke GB 11. Haichukui RAM hata chembe, inamsaidia mpangaji wa kwiri (sehemu inayochagua njia ya kuitekeleza) kukadiria kache iliyopo tu.

Mlandege_Jumla: Nimefanya jana baada ya tarawehe. EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha kwiri ilivyotekelezwa) ya ripoti ilikuwa "external merge Disk", yaani inapanga diskini, sasa ni "quicksort Memory: 83412kB", yaani kwenye RAM. Ila Chake wakiifungua watatu kwa pamoja?

Binti_Mkoani: Kwa hesabu ile ile, GB 3 na nusu hivi. Weka na shared_buffers GB 4, bado una GB nane.